Anakungoja Ng'ambo ya Mto

Footscray, Melbourne
14 Aprili 2019

Kaka yangu Ignace,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na kabla ya yote nauliza goti lako: baridi ya asubuhi imeshaanza kulisumbua? Mimi ni mzima. Murielle, shemeji yako, anakusalimu, na binti yake Gaëlle pia. Usingemtambua Gaëlle. Ana miaka ishirini na ni mrefu kuliko mimi. Anasikia maneno machache tu ya Kiswahili, lakini kucheka anacheka kama marehemu mama. Tafadhali mwambie jirani yetu Vestine kwamba gauni la ubatizo la mtoto wake nimelimaliza. Liko kwenye mfuko wa bluu juu ya cherehani, chumbani kwangu.

Uliniambia uwanja wa ndege: "Simu usinipigie. Niandikie, nisome nikiwa nimekaa." Basi kaa.

Mji huu, Kaka, ni kama umelala huku macho umefumbua. Treni inafika bila kelele, watu wanashuka bila kusukumana, mlango unajifunga wenyewe. Mvua inanyesha dakika tano, jua linatoka, upepo unavuma, mvua inarudi tena, na hakuna anayekimbia. Katikati ya mji kuna tramu ndefu za kijani na nyeupe. Zinapita kwenye barabara iliyolowa na mwanga wake unapita chini yake, kama kuna tramu nyingine inayotembea kichwa chini. Nilisimama kituoni nikaacha tatu zipite, nikizitazama tu.

Halafu nyumba hazina kuta za kuzizunguka. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta waya wa umeme, nikitafuta lango, sikuona. Kuna uzio wa mbao unaofika magotini, nyuma yake mawaridi, nyuma ya mawaridi dirisha, na ndani yake mtu anakunywa chai na unamwona mzima. Siku ya kwanza niliona haya kutazama. Wewe na kazi yako ya ulinzi, huku ungekufa njaa!

Na mvua ikikatika, kunanuka Johannesburg. Sikutanii. Ni mikaratusi. Gaëlle anasema mti huu kwao ni hapa, sisi tuliletewa ili kuwekea nguzo migodi ya dhahabu. Miaka kumi na mitano nimeinusa Bellevue nikidhani ni harufu ya kwetu.

Ndugu yetu Pitchou anatembea. Mkono wa kulia bado umekufa ganzi. Murielle hakutia chumvi aliponitumia tiketi. Tangu kiharusi cha mwezi wa kwanza, Kiingereza kimemtoka chote, Kifaransa kimemtoka, hata Lingala ya mkewe. Kimebaki Kiswahili cha Uvira peke yake, na humu ndani hakuna anayekijua. Niliposema "Pitchou, ni mimi," alinishika uso kwa mkono wa kushoto, akaongea saa nzima bila kupumzika.

Mengine nitayaandika.

Mdogo wako,
Hélène


Bellevue, Johannesburg
9 Mei 2019

Mdogo wangu Hélène,

Barua yako imefika baada ya wiki tatu. Salamu kwako. Mimi niko, goti nalo liko. Vestine amechukua gauni, mtoto amebatizwa, walileta keki na soda hadi chumbani kwangu. Mwenye nyumba amepaka rangi ukumbi, rangi ya maziwa, sasa kila mkono unaacha alama. Chumba chako nakifagia Jumamosi.

Umeandika vizuri. Nimesoma mara mbili kazini, langoni pa uwanja wa farasi wa Turffontein, siku ambayo hapakuwa na mbio. Kuhusu kuta, eish, sijui. Mtu anayeonekana anakunywa chai lazima awe hana adui, au hana chai ya maana.

Walinzi wenzangu wanasema Melbourne wana uwanja mkubwa wa farasi, na kwamba siku ya mbio zao kuu watu hawaendi kazini. Nenda ukauone. Niandikie nyasi zake zikoje, na kama farasi wao wanatembezwa asubuhi kama wetu, wakiwa na mablanketi mgongoni. Niandikie pia huo mji wa katikati, na bahari kama iko karibu.

Jitunze na baridi.

Kaka yako,
Ignace


Footscray, Melbourne
2 Juni 2019

Kaka mpenzi,

Amani iwe nawe na wote wa nyumba ya Bellevue. Huku majira ya baridi yameanza sawa na kwenu, na katika bustani ya jirani shubiri zimetoa maua yale ya rangi ya moto. Zinatoka Afrika Kusini, jirani ameniambia kwa fahari, kana kwamba nilikuja kuzihesabu. Murielle anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee tangu alfajiri hadi saa tisa. Gaëlle yuko chuoni. Mchana ninakuwa na Pitchou.

Nilikwenda kuona uwanja wako wa farasi. Hukuuliza nilikwenda na nani, lakini nakwambia: nilikwenda na Pitchou. Hauko mbali. Ukishuka mteremko wa Footscray unafika mto Maribyrnong, wa kahawia, mpole, na uwanja uko ng'ambo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Kwanza tuliona majukwaa, bila ardhi chini yake. Halafu farasi wakatokea, wanne, mablanketi mgongoni kama ulivyosema, na miguu yao haionekani. Walielea, Kaka. Niliwaza, mtu akifa labda ndivyo anavyoiona dunia mara ya mwisho, bila miguu.

Pitchou akakaa kwenye benchi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Turffontein. Tumngoje Ignace, anakaribia kutoka kazini."

Nikamwambia hapa ni Melbourne. Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto mwenye homa. Tulikaa mpaka saa sita. Watu walitupita na mbwa wao na vikombe vyao vya kahawa. Kila mwanamume aliyevuka daraja, Pitchou alijiinua kidogo, akamtazama anavyotembea, akakaa tena. Tangu siku ile tunakwenda kila asubuhi. Nikikataa, anavaa viatu peke yake.

Kuna jambo lingine. Robot za huku, hizi taa za barabarani, zina sauti kwa ajili ya vipofu. Ikiwa nyekundu, nguzo inagonga polepole: ngo… ngo… ngo. Ikiwa kijani, inagonga mbio. Mimi naipenda. Mji mzima unagonga taratibu kutwa, kama uko nje unasubiri kukaribishwa. Lakini Pitchou akiisikia anasimama pale ukingoni, jasho linamtoka katika baridi hii, anasema, "Nakuja. Nakuja, Ignace." Na havuki. Kijani inakuja inaondoka, watu wanatuzunguka, yeye yuko palepale. Jana tulisimama kwenye njia panda moja mpaka mvua ikatulowesha.

Sijui nimwambie nini. Niambie wewe.

Hélène


Bellevue, Johannesburg
30 Juni 2019

Hélène,

Salamu. Sisi ni wazima. Umeme unakatika, tunakula mapema.

Nashukuru kwa habari za farasi. Kuhusu hilo la pili, robot ni robot. Mgonjwa anasema maneno ya mgonjwa. Mpitishe njia isiyo na robot.

Usiniandikie tena habari za kugonga.

Ignace


Footscray, Melbourne
21 Julai 2019

Kaka Ignace,

Pokea salamu zangu, na za Gaëlle, ambaye ameomba nimwandikie neno "baba mkubwa" kwenye karatasi ili alijue lilivyo. Ameibandika kwenye friji. Barua yako niliisoma nikiwa ndani ya treni ya kwenda mjini, na ilikuwa fupi hivi kwamba niliimaliza kabla ya stesheni ya pili.

Nilikuwa nimempeleka Pitchou mjini. Kuna stesheni kubwa ya manjano yenye saa nyingi zimepangwa juu ya mlango, kila moja inaonyesha treni ya upande wake, na watu wanasubiriana chini yake. Tukasimama nao. Pitchou akaniuliza, kana kwamba tuko Johannesburg, teksi za Yeoville zinapakia wapi. Safari hii sikumsahihisha. Nikasema, "Zimehamishiwa mbele kidogo." Tukatembea. Akanionyesha duka la Mhindi tulilokuwa tunanunua vitambaa, akanionyesha saluni, akanionyesha kanisa letu la garajini. Kwa kweli palikuwa na duka la vitabu, benki, na mgahawa wenye viti vya majani. Lakini ajabu ni kwamba na mimi nilianza kuviona. Kona ile ilikuwa na mteremko wa Rockey Street. Mwanamke aliyekuwa akiuza maua alikuwa na shingo ya dada yule wa mahindi. Nilitembea katika miji miwili kwa wakati mmoja na sikupotea katika wowote. Ndege weusi wenye mabega meupe walikuwa wanaimba juu ya waya, sauti kama maji yanayopita ndani ya filimbi, nikawaza, hawa tu ndio hawakuwahi kufika Johannesburg.

Nilikuwa na furaha, Kaka. Nakiri. Halafu tukafika kwenye robot.

Safari hii Gaëlle alikuwa nasi. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini baba yake anasema neno lilelile kila njia panda. Nikamtafsiria: "Nakuja, Ignace." Msichana akatuvuta kando. Tulikaa kwenye ngazi za kanisa kubwa, Pitchou katikati yetu akila chipsi, na Gaëlle akanisimulia.

Mwaka 2008 alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka duka la baba yake la Jeppestown likiwa giza mchana. Anakumbuka mkono wa baba yake juu ya mdomo wake, unanuka mafuta ya cherehani. Anakumbuka mlango wa chuma ukigongwa. Neno moja la Kiswahili analolikumbuka vizuri kuliko yote ni "nyamaza".

Mimi wiki zile nilikuwa nimesafiri Durban, wajua. Nililolijua ni lile walilolisema watu kanisani: kwamba vurugu za kuwapiga wageni zilipofika mtaani, Ignace alikimbilia dukani kwa ndugu yake akagonga, na ndugu yake hakufungua, na ndiyo maana Ignace anachechemea. Walisema mbele yako na hukukanusha. Walisema mbele ya Pitchou, akainamisha kichwa. Miaka miwili baadaye akaondoka na familia yake kuja huku. Hukwenda kumuaga, na tangu hapo hujatamka jina lake. Hata katika barua hizi hujalitamka. Nimezirudia zote kuhakikisha.

Sikuulizi kwa hasira. Nina viza mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi. Nikiondoka, hakuna atakayebaki hapa wa kumjibu maneno yake. Atasimama kwenye robot na kusema "nakuja" kwa watu wasiojua anamwambia nani. Kama kuna neno unaloweza kumpa, nipe nimpelekee. Hata kama ni neno baya, nitalisoma kama lilivyo.

Hélène


Bellevue, Johannesburg
18 Agosti 2019

Mdogo wangu Hélène,

Nakusalimu, wewe na Murielle na Gaëlle. Na Pitchou. Nimeliandika.

Barua hii nimeianza mara nne. Leo ni Jumapili, sikwenda kanisani. Nimeweka kiti kwenye jua uani, na watoto wa Vestine nimewapa karatasi wachore ili wasiniulize naandika nini.

Sikugonga.

Ile Jumapili nilitoka kazini saa saba. Nilimpigia Pitchou nikamwambia, "Niko njiani, nakuja kwako." Niliposhuka Jeppestown niliona maduka yamefungwa na moshi. Nikakimbia. Nilifika mlangoni pa duka, nikainua mkono. Ndani nikamsikia Gaëlle analia, na Pitchou anamwambia, "Nyamaza, mama, nyamaza." Nikageuka, wale watu walikuwa wanatokea kona. Kumi na tano, labda ishirini. Nikawaza, mlango huu ukifunguka sasa, wataona. Nikashusha mkono. Nikakimbia mbele ili wanione mimi.

Waliniona. Walipopita dukani wakapiga mlango wa chuma kwa fimbo zao, jinsi walivyokuwa wanapiga milango yote. Ndiyo sauti aliyoisikia. Yeye alijua niko njiani, akasikia mlango unagongwa. Ungewaza nini? Aliyegonga si mimi, Hélène. Walikuwa wao. Na asingemnyamazisha yule mtoto, leo Gaëlle asingekuwa na chuo cha kwenda.

Sasa hili ndilo gumu. Nilipokuwa hospitali, goti limesagika, watu wa kanisa walikuja, mmoja akasema, "Tumesikia ndugu yako hakukufungulia." Nilitaka kusema si hivyo. Lakini walikuwa wananitazama kwa upendo ambao sijawahi kutazamwa nao na mtu, mimi ambaye sina mke wala mtoto. Nikanyamaza. Kesho yake Pitchou akaja. Akasimama mlangoni pa wodi na kofia mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Nikageukia ukutani. Nilikuwa na maumivu, nikataka na yeye awe nayo kidogo, ya siku moja mbili, halafu nimwambie. Siku mbili zikawa wiki. Wiki ikawa mwaka. Uongo ukikaa mwaka mzima unakuwa na mahali pake pa kukaa ndani ya nyumba, unaukuta asubuhi umeshaamka. Alipoondoka kwenda Australia nilijifungia chumbani, kwa sababu nisingeweza kumkumbatia bila kusema.

Sasa unajua kwa nini nilikukataza simu. Niliogopa kusikia sauti yake nyuma yako.

Msomee. Usipunguze kitu.

Ignace


Footscray, Melbourne
6 Septemba 2019

Kaka yangu,

Kwanza niambie uko salama. Tumeona kwenye televisheni moto wa huko kwenu wiki hii, na Murielle ameizima akatuambia tuombe. Tafadhali usipite Jeppestown.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea Pitchou mchana, jikoni, mvua ikiwa dirishani. Gaëlle alikaa nasi ingawa hakuelewa zaidi ya nusu. Nilisoma kama ulivyoniagiza. Nilipofika "Sikugonga", akanishika mkono, akasema, "Rudia." Nikarudia. Nilipofika kwenye kofia, akasema, "Ilikuwa ya kahawia." Nilipomaliza nilingoja kilio, au hasira, kwa sababu hasira ana haki nayo. Mimi mwenyewe ninayo, Kaka, na tutaizungumza nikirudi. Miaka kumi na moja ni mingi. Ameila peke yake huku, kati ya watu ambao hawakujua anakula nini.

Hakulia wala kukasirika. Alikwenda kulala na alilala mpaka kesho yake saa tatu, kitu ambacho Murielle anasema hakijatokea tangu wahamie.

Asubuhi ile tulishuka mtoni. Hakukuwa na ukungu. Miti ya njano ya hapa, maua yake ni kama unga laini, ilikuwa imechanua ukingo wote, na upepo ulikuwa unaumwaga unga ule juu ya maji. Farasi walipita ng'ambo. Pitchou akawaangalia muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Hawa si wale wa Turffontein." Kisha akaniuliza mto huu unaitwaje. Nikamwambia. Akajaribu kulitamka, Maribyrnong, tukacheka wote wawili mpaka mbwa wa mtu akatubwekea.

Wakati wa kurudi, kwenye robot, alisimama. Ngo… ngo… ngo. Nikamshika mkono. Akasikiliza, kichwa kimeinama. Kijani ikaja na akavuka. Alipofika upande wa pili akageuka, akaniuliza swali ambalo sijui jibu lake, na nimeona aibu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuuliza. Nalileta lilivyo:

"Basi alipita. Alipita akienda wapi?"

Kwa sababu vurugu zilikuwa Jumapili, na hospitali walikupokea Jumatano. Anahesabu siku hizo kwa vidole, Jumatatu, Jumanne. Jana ameniuliza tena. Leo asubuhi tena.

Narudi tarehe mbili mwezi wa kumi. Hii naituma kwa posta ya haraka, nijibu kabla.

Hélène


Bellevue, Johannesburg
16 Septemba 2019

Hélène, na wewe Pitchou mdogo wangu,

Niko salama. Tulifunga milango siku tatu, tukapika pamoja uani, Vestine na mimi na Wamalawi wa chumba cha nyuma. Sasa kumetulia na maduka ya Yeoville yamefunguliwa. Mipichi imechanua. Barua hii inakuja kwa mkono, ndugu mmoja wa kanisani anaruka kesho kwenda Melbourne kwa binti yake, kwa hiyo itawahi.

Pitchou, unauliza nilikwenda wapi. Sijawahi kuulizwa, na sikuwahi kusema.

Walinikamata karibu na daraja la reli. Pigo la goti lilikuwa la bomba la chuma. Gari la polisi likapiga king'ora mbali, wakatawanyika. Nilijivuta kwa viwiko mpaka Bez Valley, sijui ilinichukua muda gani, jua lilikuwa bado lipo. Kulikuwa na lango dogo lililofungwa kwa waya. Mama mmoja mzee Mzulu alikuwa anaanua nguo. Alinitazama. Nikamwambia "Sawubona, gogo," yaani hujambo, bibi, kwa matamshi yangu haya haya yanayojulikana na kila mtu kwamba si ya hapa. Hakuniuliza ninatoka wapi. Aliweka nguo begani, akanishika chini ya kwapa, akaniburuta hadi jikoni. Alikuwa mdogo kama Gaëlle wa wakati ule, sijui nguvu alizitoa wapi.

Alinifunga goti kwa mti wa ufagio na vipande vya shuka. Akaweka sufuria ya uji jikoni, jiko la makaa, jikoni kote mvuke, dirisha likawa jeupe. Halafu wakaja. Sijui kama ni walewale au wengine. Waligonga mlango wake. Pitchou, nisikilize hapa. Waligonga kwa nguvu, wakamwita kwa heshima, "Gogo, fungua." Mimi nilikuwa sakafuni, nyuma ya gunia la viazi. Nilimtazama. Hakufungua. Hakujibu hata. Aliendelea kukoroga uji, polepole, mwiko unazunguka, macho yake kwenye sufuria, kama mtu asiyekuwa na masikio. Wakagonga tena. Akaendelea kukoroga. Mpaka wakaondoka.

Nilikaa kwake hadi Jumatano, kijana wa jirani yake alipopata gari la kunipeleka hospitali. Jina lake lilikuwa Nomasonto. Nilirudi mwaka uliofuata na pakiti ya chai na kitambaa cha gauni, wakaniambia amekwenda kwao Nongoma kufia huko.

Ile Jumapili, baada ya uji, alinitandikia blanketi sakafuni karibu na jiko. Nilikuwa nakuwaza wewe na mtoto. Nilijua hamkufungua, kwa sababu nilisikia mlango wenu ukipigwa bila kufunguka nyuma yangu wakati nakimbia, na nilifurahi, Pitchou. Nilifurahi sana. Mgongo wangu ulikuwa na joto. Gogo alikuwa anaimba kitu kwa pua, anaosha mwiko.

Nililala usingizi mzuri. Nilikuwa sijakwambia.

Kaka yako,
Ignace